Geuza Pima Maji Kwanza

Marumaru ni mbea. Ukuta unaweza kuinama miaka 30 pasipo mtu kugundua: lipu inauficha, rangi inausitiri, picha ya harusi inatundikwa palepale palipobonyea. Siku utakapoubandika marumaru, siri inatoka. Mistari ya groti iliyotakiwa kwenda sambamba inaanza kuachana. Kipande cha mwisho kwenye kona kinakatwa kama kabari, juu kipana, chini chembamba. Kila mgeni anayeingia bafuni kunawa mikono anatoka akijua jambo ambalo mwenye nyumba hakumwambia.

Nimelifikiria hili nikiwa Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Ukitoka Dodoma kwa reli ya kati, Kintinku inakuja baada ya Bahi, chini kwenye uwanda wa Bonde la Ufa, kabla treni haijaanza kuupanda ukingo wa bonde kuelekea Manyoni. Ni nchi ya Wagogo, ya uwele, mtama na mifugo, mvua za kuhesabu na jua lisilo na utani. Siku hizi marumaru nayo imefika. Mtu akijenga nyumba ya tofali na kuipaua kwa bati, jambo linalofuata ni bafu, na bafu bila marumaru majirani wataliona halijaisha.

Swali langu ni la kihistoria ingawa linaanzia bafuni. Tangu lini ukuta unadaiwa unyooke? Na chombo tunachotumia kuuhukumu, nani anakihukumu chenyewe?

Tuanze na nyumba ambayo haikuwa na deni hilo. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: ndefu, fupi kwa kimo, imezunguka ua ambamo ng'ombe hulala, na paa lake ni la udongo. Anayeitazama kwa haraka anaona udongo juu ya udongo. Ukiichunguza utaona ni nyumba ya miti. Nguzo zenye panda husimamishwa ardhini, boriti hulazwa juu ya panda hizo, kisha fito, kisha udongo wa paa. Uzito wote wa paa, ambao si mchezo mvua ikinyesha, unabebwa na nguzo. Ukuta ni fito zilizokandikwa udongo kuzuia upepo, fisi na macho ya watu. Ukuta wa tembe ukitumbukia ndani kidogo hakuna kinachoanguka. Unaukandika tena baada ya masika, basi.

Kwa hiyo usinisomee sentensi zile za kwamba wazee hawakujua kupima. Walipima kilichohitaji kupimwa. Paa la udongo likiwa tambarare kabisa litatuamisha maji na kuvuja. Likiinama mno mvua itauchukua udongo. Mjenzi wa tembe alitakiwa kuupata mwinamo mdogo kwa jicho, kwa kuchagua nguzo na kuzichimbia kwa vimo vinavyofaa. Hilo ni suala la usawa, tena gumu. Lipo juu ya paa, halipo ukutani.

Kiswahili cha zamani kiliijua tofauti hii vizuri kuliko sisi. Kilikuwa na vitenzi viwili. Kujenga kulikuwa kwa miti na udongo. Kuaka kulikuwa kwa mawe na chokaa. Leo kuaka kumebaki kamusini, lakini mtoto wake bado anatembea mtaani: mwashi. Kila unapomwita mtu mwashi unamtaja, bila kujua, mtu wa mawe. Mtu wa mawe alikuwa na chombo ambacho mjenzi wa miti hakukihitaji sana. Chombo hicho ni timazi, jiwe au risasi iliyofungwa kwenye uzi. Waandishi wa kamusi wa karne ya 19 walilikuta neno hili tayari mikononi mwa waashi wa pwani.

Sababu ni rahisi. Ukuta wa mawe unajibeba wenyewe. Ukiinama, uzito wake unatoka nje ya msingi wake, na ukizidi unaanguka na paa lake. Waashi walioinua Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, hawakuwa na hiari katika hili. Jumba lile lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane, na bwawa lina ukatili wake: likijaa, maji yenyewe yanakuonyesha ukingo gani umepanda na upi umeshuka. Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa watu waliokwisha kuzoea kuhukumiwa na maji na mawe.

Pwani ile ile ilibandika vitu vya kung'aa ukutani karne nyingi kabla ya marumaru ya dukani. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China zilizopachikwa kwenye chokaa. Ni ndugu wa mbali wa marumaru, lakini angalia tofauti. Bakuli linakaa peke yake. Likishuka nusu inchi kuliko mwenzake, jicho linasamehe, kwa sababu kati yao kuna chokaa tupu. Marumaru haina nafasi ya faragha. Kila kipande kinagusana na majirani wanne, na kosa la kipande kimoja linarithiwa na safu nzima. Mtu wa Kunduchi alihitaji mkono mzuri. Fundi tailizi wa Kintinku anahitaji mstari.

Na mstari tuliupata wapi? Kwanza kwa kitu kinachoning'inia. Katika kaburi la Sennedjem, fundi wa Misri aliyezikwa Deir el-Medina zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kilikutwa chombo cha miti yenye umbo la herufi A, na uzi wenye kizito ukining'inia kutoka kileleni. Uzi ukipita katikati ya ubao wa chini, miguu miwili iko sawa. Yaani timazi iliyofundishwa kupima ulalo.

Pili, kwa maji. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza meza ndefu yenye timazi pembeni na mfereji wa maji juu yake, ili upepo ukiyumbisha nyuzi maji yaamue. Mwanzoni mwa karne ya 11 al-Karaji, mwanahesabu aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu kizima kuhusu kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, na humo akaeleza vyombo vya kupimia usawa. Ilikuwa lazima. Mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa ukikosea mwinamo, unapata shimo refu lisilo na maji. Watu wa Kintinku, wanaofuatilia mradi wao wa maji wa Kintinku–Lusilile, hawahitaji kuelezwa kwamba maji hayapandi kilima kwa heshima ya mtu.

Tatu, kwa kiputo. Karibu mwaka 1661 Mfaransa Melchisédech Thévenot alifunga kimiminika ndani ya kichupa cha kioo na kuacha hewa kidogo. Kiputo daima hukimbilia mahali pa juu kabisa. Kichupa cha kisasa kimepinda kidogo kama mgongo wa samaki, ili mahali pa juu pawe katikati chombo kinapokaa sawa. Kimiminika kilikuwa kileo, kwa kuwa kileo hakigandi upesi kwenye baridi na hakisuasui kioo kikitikisika. Hata pima maji zetu za leo mara nyingi hazina maji ndani. Jina la Kiswahili limekataa kubadilika. Limeshikilia maji ya Vitruvius na al-Karaji, na mimi nalipenda kwa ukaidi huo.

Kiputo kilipita Kintinku mapema kuliko tunavyodhani. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo njia iliuvuka uwanda huu kati ya 1910 na 1912, ikishuka kutoka Dodoma na kutafuta pa kuupandia ukingo wa Bonde la Ufa. Treni haipandi kama mbuzi. Mwinamo wake unahesabiwa kwa sehemu ndogo za mita. Wapimaji wa njia kama hiyo hutumia darubini iliyokaa juu ya kiputo. Tembe zilikuwa jirani, zikiwa na kuta zao zisizodaiwa, na mita chache kutoka hapo kiputo kilikuwa kinaamua reli ipite wapi.

Wapimaji hao wana desturi moja ambayo ningependa kila fundi tailizi na kila mwenye nyumba airithi. Hawaiamini darubini yao. Wanaisimika katikati ya vigingi viwili na kusoma tofauti ya vimo vya vigingi hivyo. Kwa kuwa umbali ni uleule pande zote, kosa la chombo linajifuta lenyewe. Kisha wanaihamishia karibu na kigingi kimoja na kusoma tena. Tofauti ikibadilika, ardhi haina hatia. Chombo ndicho kimepinda.

Pima maji ina jaribio kama hilo, na halihitaji shule wala pesa. Iweke juu ya kitu chochote kigumu: meza, kaunta, kingo ya dirisha. Si lazima kitu hicho kiwe sawa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Weka alama mbili za penseli kwenye ncha zake, tazama kiputo kimekaa wapi. Sasa igeuze, ncha ya kulia iende kushoto, uirudishe kwenye alama zilezile. Kiputo kikikaa palepale machoni pako, chombo ni kizima, hata kama meza imeinama. Kikihama, chombo kinasema uongo, na tofauti unayoiona ni kosa lake mara mbili. Ukweli uko katikati ya hizo mbili. Kwa kichupa cha wima, isimamishe ukutani, soma, kisha igeuze ubavu uliokuwa kwako uelekee ukuta, kwenye mstari uleule. Kiputo kielemee upande uleule kwa kiasi kilekile.

Nimewahi kusimama dukani mjini nikazifanyia hivyo pima maji tatu za kampuni moja na bei moja. Moja tu ilitulia. Muuza duka aliniangalia kama mtu anayeonja chumvi kwenye mfuko. "Mzee, zote mpya hizo." Upya na unyoofu ni vitu viwili. Chombo kinaweza kuzaliwa kimepinda, na kizima kinaweza kupinda kwa kuanguka mara moja kutoka kwenye jukwaa.

Kosa dogo lina faida gani kulifukuza? Tufanye hesabu ya bafu la kawaida. Tuseme pima maji yako inakosea milimita 1 kwa kila mita, kiasi ambacho jicho halikioni kwenye kiputo. Ukuta wenye kimo cha mita 2.4 utatoka nje ya wima kwa karibu milimita 2.4, na mara nyingi nafasi ya groti ni milimita 2 au 3 tu. Sasa zungusha mstari wa safu ya kwanza kwenye kuta nne, mzunguko wa mita 8, ukisogeza chombo bila kukigeuza. Unarudi kwenye kona uliyoanzia na mstari umeachana na wenyewe kwa milimita 8. Hakuna groti itakayoficha hilo. Lakini fundi anayekigeuza chombo kila hatua, mara kulia mara kushoto, anazifuta zile milimita njiani. Kosa la kwenda juu linalipwa na kosa la kurudi chini. Wapo wazee wa kazi wanaofanya hivyo kwa mazoea, na ukiwauliza kwa nini watakwambia tu kwamba ndivyo walivyofundishwa.

Urefu wa chombo nao ni jambo la kuchagua. Pima maji fupi inasoma palipo chini yake tu. Ukutani inaruka kutoka bonde hadi kilima bila kujua. Kwa safu za marumaru ya sentimita 60 ninaona bora yenye sentimita 60, na kwa ukuta wenyewe yenye sentimita 120, au ubao mnyoofu wa aluminiamu juu yake. Na kumbuka kwamba wima na unyoofu si kitu kimoja. Ukuta unaweza kusimama wima kwa wastani huku tumbo limetoka mbele. Hapo pima maji haitakusaidia. Vuta uzi kutoka kona hadi kona, au telezesha ubao ukutani na utazame mwanga unaopita nyuma yake, kabla gundi haijakorogwa.

Kuna chombo kingine ambacho nakiheshimu kuliko vyote, nacho ni mpira wa maji: bomba jembamba linalopitisha mwanga, limejazwa maji, ncha zote mbili wazi. Shika ncha moja kona hii, mwenzako ashike nyingine kona ile, na maji yatasimama kwenye kimo kimoja hata kama kati yenu kuna ukuta na mlango. Kukijaribu ni kuzileta ncha mbili pamoja: maji yawe kimo kimoja. Kina adui mmoja, hewa iliyonaswa ndani. Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Ndani ya pima maji kiputo ndicho shahidi. Ndani ya mpira, kiputo ndicho mwongo. Unautazama mpira wote kwa urefu wake na kugonga kwa kidole mpaka kiputo cha mwisho kipande kitoke. Kwa jua la Kintinku usiache pia nusu ya mpira juani na nusu kivulini. Maji ya moto ni mepesi, husimama juu zaidi. Na kwenye pima maji yenyewe, joto hutanua kimiminika na kiputo hufupika, kwa hiyo soma ncha zake zote mbili, kila moja kwa mstari wake.

Leza nayo imefika, na vijana wanaipenda. Mimi siipingi. Ndani ya zile zinazojisawazisha zenyewe mara nyingi kuna kitu kinachoning'inia na kutulia, yaani timazi ile ile ya mwashi, sasa imevaa taa. Na inajaribiwa kwa njia ya wapima reli: isimamishe karibu na ukuta mmoja, weka alama kwenye kuta zote mbili zinazotazamana, ihamishie karibu na ukuta wa pili, weka alama tena. Tofauti ya alama mbili iwe sawa kila upande. Ikianguka, ijaribu upya. Mwanga wake unaweza kuwa mwembamba na mwekundu na wa kuvutia huku umeinama.

Timazi peke yake ndiyo isiyohitaji jaribio la kugeuzwa, maana anayeivuta ni dunia yenyewe. Inachohitaji ni subira. Upepo wa uwanda huu ukiichezesha, chovya kizito chake kwenye ndoo ya maji kitatulia.

Mwisho wa mambo ya ufundi, neno la sakafu. Usianzie safu ya kwanza sakafuni. Sakafu ya bafu inayofanya kazi lazima iiname kuelekea kwenye tundu la maji, na safu inayoifuata itainama nayo. Piga mstari wa usawa kuzunguka chumba, funga ubao chini ya safu ya pili, panda juu, kisha rudi ukate vipande vya chini kufuata mwinamo. Ni wazo la tembe lilelile: kila sehemu ya nyumba ina usawa wake inaoudai.

Kwa nini niyaandike haya kwenye blogu ya watu wa vitabu? Kwa sababu kuna pesa za watu ukutani. Mtu anauza mbuzi, ananunua boksi za marumaru, analipa fundi kwa mita ya mraba, na malipo ya namna hiyo yanamtaka fundi akimbie. Kazi ikiharibika, marumaru hazibanduki zikiwa nzima. Mafundi wengi walijifunza kwa kumwangalia fundi mwingine. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa namna hiyo, na ni jambo jema. Lakini kati ya mwenye nyumba na fundi mara nyingi kuna sentensi moja tu: "Usijali bosi, nimepima." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na ukuta ukapinda, maana amepima kwa chombo kilichopinda.

Na kuna neno usawa. Kwa Kiswahili neno hilohilo ni la fundi na ni la siasa. Safu ya marumaru iko sawa, na watu tuliambiwa tangu enzi za Azimio la Arusha la 1967 kuwa ni sawa. Lugha nyingine zina maneno mawili hapo. Sisi tuna moja, na pengine ndiyo maana fundi aliyejaribu chombo chake mbele ya mwenye nyumba ananigusa zaidi ya ufundi wake. Hajasema "niamini". Amempa mwenzake njia ya kumhoji, na njia yenyewe inamtosha hata bibi asiyesoma: angalia kiputo, geuza, angalia tena.

Kwa hiyo ukiwa na kazi ya marumaru mwaka huu, Kintinku au kwingine, mwombe fundi wako kwa heshima, kabla hajafungua mfuko wa gundi. "Fundi, hebu tuigeuze hiyo kwanza." Fundi wa kweli hatakasirika. Itamchukua dakika moja, na huenda akaifanya huku akikueleza nani alimfundisha.